Kupata wateja wa vifaranga kwenye magrupu ya wafugaji bila kulipia tangazo

"Natotolesha vifaranga, nimeposti kwenye magrupu yote ya ufugaji ninayoyajua, watu wanapita tu. Nifanyeje?" Swali hili halikauki. Wanaouliza wengi wana vifaranga wazuri na mashine nzima, tatizo ni kwamba tangazo lao limekaa katikati ya matangazo mengine hamsini yanayofanana nalo.

Mwongozo huu ni kwa wewe unayeuza vifaranga, mayai ya kutotolesha au chakula cha kuku. Ukiwa unauza kitu kingine, hatua ni zile zile, badilisha mifano.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Mtu hajiungi na grupu la wafugaji ili anunue, anajiunga ili aulize. Kuku wake wanaumwa, au hajui aanze na wangapi. Anayemjibu vizuri siku ya shida ndiye atakayemtafuta siku ya kununua. Na vifaranga ni biashara ya kuaminiana kuliko nyingi, kwa sababu mnunuzi hawezi kujua kwa macho kama kifaranga wa siku moja amechomwa chanjo ya mahepe (ugonjwa wa Marek) au hapana. Ananunua neno lako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Laini ya simu ya biashara peke yake, iliyofungwa kwenye WhatsApp Business. Ukishaitangaza, usiibadilishe.
- Akaunti ya Facebook yenye jina lako la kweli na picha ya uso wako. Akaunti yenye picha ya jogoo na jina la "Kuku Bora" watu wanaikimbia, wameshatapeliwa na akaunti kama hizo.
- Picha zako mwenyewe: banda, mashine, vifaranga kwenye boksi, wewe ukiwa kazini. Za kudownlodi usiziguse. Siku moja mtu atakuja kuonyesha zilikotoka.
- Daftari la karatasi. Litatumika sana.
- Daktari wa mifugo au ofisa ugani unayeweza kumpigia pale swali linapokuzidi.
- Nusu saa asubuhi na saa moja usiku, kila siku. Wafugaji wengi huuliza usiku, baada ya kufunga mabanda.
- Miezi miwili hadi mitatu ya kujibu bila kutegemea mauzo makubwa. Ukitaka pesa wiki hii, njia hii si yako.

Kama vifaranga wako wanakufa ovyo kwa wateja, simama hapa kwanza urekebishe mashine, mayai au usafirishaji. Grupu husambaza lawama haraka kuliko sifa.

Hatua

1. Chagua magrupu machache. Matatu au manne yanatosha. Ingia, soma posti za wiki mbili zilizopita. Ukikuta matangazo matupu na hakuna anayemjibu mwenzake, toka, hapo wauzaji wanauziana. Unatafuta grupu lenye maswali na mabishano, lenye admini anayefuta utapeli, na lenye watu wa mikoa unayoweza kufikisha mzigo. Grupu la watu elfu moja wa Morogoro na Pwani litakufaa kuliko la laki mbili waliotawanyika, kama mashine yako iko Kibaha.

Kila sehemu ina tabia yake. Kwenye WhatsApp majibu ni ya papo kwa papo, lakini ya leo yanazama kesho. Facebook posti hudumu zaidi kidogo na watu huitafuta kwa ile alama ya kioo cha kukuzia ndani ya grupu. Telegram ni nzuri kwa faili na picha nyingi. JamiiForums, ambayo ipo tangu 2006, ina faida watu wanayoisahau: uzi wa ufugaji ulioandikwa miaka mingi iliyopita bado unaletwa na Google mtu akitafuta. Jibu zuri ulilolitoa huko linaendelea kusomwa wewe umelala.

2. Panga wasifu wako kabla hujaandika neno. Mtu akipenda jibu lako, kitu cha kwanza ni kubofya jina lako. Akikuta ukurasa umefungwa, umempoteza. Weka wazi mstari mmoja: unafanya nini, wapi, unapatikanaje. Mfano: "Natotolesha vifaranga chotara, Kuroiler na Sasso, Kibaha. WhatsApp:" kisha kiungo cha wa.me. Kiungo hicho unakitengeneza mwenyewe kwa kuandika wa.me/255 na kumalizia namba yako bila sifuri ya mwanzo. Anayekibofya anafika moja kwa moja kwenye mazungumzo yako, hahitaji kuhifadhi namba.

Kwenye WhatsApp Business jaza anwani, saa za kazi na katalogi. Bei iandike. Mambo ya "bei njoo inboksi" yanachosha watu, na wengi hawaji.

3. Soma sheria za grupu, kisha kaa kimya siku kadhaa. Magrupu mengi yana siku maalumu ya matangazo au yanakataza kuweka namba ya simu. Angalia nani anaheshimika, nani anajibu nini, wanaitanaje. Kuna magrupu wanaitana wadau, mengine ndugu wafugaji, na kuna wazee ambao ukiingia bila shikamoo umejiharibia. Ukijitambulisha, sema jina, ulipo na unachofuga. Biashara iache, wasifu utasema.

4. Andika maswali kwenye daftari. Kila swali linaloulizwa liandike kama lilivyoulizwa, na pembeni weka alama kila linaporudi. Baada ya wiki mbili utaona ni yale yale: chanjo zipi na lini, kwa nini vifaranga wanakufa wiki ya kwanza, chakula gani ni nafuu, kuku mia wanahitaji banda la ukubwa gani. Yaliyorudi mara nyingi yaandikie majibu mazuri ukiwa umetulia. Usilokuwa na hakika nalo muulize daktari sasa, usisubiri uumbuke mbele za watu.

5. Jibu swali lote, hadharani. Hii ndiyo kazi yenyewe, soma taratibu.

Tuseme mama mmoja ameandika saa tatu usiku: "Habari wadau. Vifaranga wangu wana siku nne, wanalundikana kwenye kona. Jana wamekufa wanne, leo sita. Wengine kinyesi kimeganda nyuma. Naombeni msaada."

Chini yake kuna "pole sana", kuna "wape OTC" (antibayotiki ya oxytetracycline), na kuna "nicheki inboksi nina dawa". Wewe andika hivi:

"Pole sana mama. Kabla ya dawa yoyote, angalia joto usiku huu. Wakilundikana wanasikia baridi. Wakiikimbia taa na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula, hapo sawa. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35 pale chini walipo. Kama huna kipimajoto, tabia yao inatosha kukuambia. Ongeza taa au jiko, ziba upepo wa chini kwa magunia, ila juu acha hewa ipite, hewa ya mkaa inaua watu na kuku. Wenye kinyesi kilichoganda wafute kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, wakauke ndipo uwarudishe. Maranda yaliyolowa toa yote, weka makavu. Kesho asubuhi hesabu tena. Vifo vikipungua, tatizo kubwa lilikuwa baridi. Visipopungua, wachukue waliokufa wakiwa hawajaharibika umpelekee daktari wa mifugo, au maabara ya mifugo ya serikali (TVLA) kama iko karibu. Usianze antibayotiki kwa kubahatisha. Unatumia taa au jiko? Na uko mkoa gani?"

Angalia kilichofanyika. Mama amepata kitu cha kufanya usiku huo huo, bila kununua chochote. Hujaweka namba ya simu. Umesema wazi pale uwezo wako unapoishia na wa daktari unapoanzia. Umemaliza kwa swali, kwa hiyo atarudi.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu analiacha. Asubuhi rudi pale pale uandike: "Mama, wameamkaje?" Mstari huo unafanya kazi kuliko tangazo la kulipia. Yeye atajibu, posti itapanda juu tena, na mamia waliokuwa wanasoma kimya wataona kuna mtu anayefuatilia. Wateja wako wengi watatoka kwa hao wanaosoma kimya, wasiokomenti hata siku moja.

Aliyesema "wape OTC" usimdhalilishe. Andika, "Kaka, ikithibitika ni bakteria daktari anaweza kuiandika, ila tuanze na joto." Wanaokutazama wanapima na adabu yako pia.

Tahadhari kuhusu jibu lenyewe: usiandike usichokifanya au usichokithibitisha. Ukimpa mtu dozi ya kubuni akapoteza kuku, umempa hasara ya kweli, na skrinshoti itazunguka magrupu yote. Usinakili jibu lile lile na kulibandika kila mahali pia. Facebook ikiona maandishi yanayofanana mara nyingi kwa muda mfupi inayahesabu kuwa spamu, na watu wanaona hivyo hivyo. Kiini kiwe kimoja, lakini kila mtu mjibu kwa hali yake.

6. Usimfuate mtu inboksi bila ruhusa. Kuna nyakati tatu tu za kuhama na mazungumzo: amekuomba mwenyewe, suala lina siri kama hesabu zake za pesa, au unahitaji picha na video nyingi. Hata hapo uliza hadharani kwanza: "Naweza kukutumia picha za bruda inboksi?" (Bruda ni sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga.) Anayemrukia kila aliyeuliza huwa anaripotiwa kwa admini na wale wale aliotaka kuwauzia.

Kuchota namba za wanachama wa grupu na kuziingiza kwenye grupu lako la mauzo usithubutu. Ni utovu wa adabu, na taarifa za watu zina sheria: Kenya tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022.

7. Baada ya mwezi, anza kuweka posti zako. Moja kwa wiki inatosha. Chukua swali lililoongoza kwenye daftari ulijibu kwa picha. Ratiba ya chanjo haishi kuulizwa, nayo ni fupi. Inayofuatwa sana kwa vifaranga wa chotara ni siku ya 7 mdondo, wengine wanauita kideri, siku ya 14 gumboro, siku ya 21 mdondo tena, siku ya 28 gumboro tena, na ndui kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Ongeza yale yanayoharibu chanjo, maana ndiyo watu hawayajui: maji yasiwe na klorini, vifaranga wakae na kiu saa moja hivi kabla, na maji ya chanjo yaishe ndani ya saa mbili yakiwa kivulini. Hapo hapo sema daktari wa eneo lake anaweza kuibadilisha kulingana na magonjwa yaliyopo.

Posti nyingine nzuri ni za kalenda. Anayetaka kuuza chotara Krismasi anatakiwa kuingiza vifaranga kati ya Agosti na mwanzo wa Septemba. Wa broila anaweza kungoja hadi mwanzoni mwa Novemba, kwa kuwa wake wanakomaa kwa wiki tano au sita. Ukiandika hivyo Julai, watu watakuuliza wenyewe kama una vifaranga Agosti. Idi nayo ipigie hesabu mapema, tarehe zake husogea kila mwaka.

Siku ya matangazo ikifika, tangaza bila aibu: aina, umri, chanjo zilizotolewa, bei, mahali, siku ya kutoka kwenye mashine. Kwa wakati huo jina lako linajulikana, na tangazo hilo hilo lililopitwa mwezi jana litasomwa.

8. Anayekuja inboksi mpokee vizuri. Uliza mambo manne: yuko wapi, anataka wangapi, bruda iko tayari, amewahi kufuga? Mtu wa mara ya kwanza akitaka mia tano na bruda hana, mwambie ukweli. Aandae bruda, aanze na mia moja, umtunzie wa wiki ijayo. Mauzo ya leo yatapungua, lakini vifaranga mia tano wakifia mikononi mwa mtu asiyejua, jina litakalotajwa kwenye grupu ni lako.

Kwenye pesa ndipo penye hofu, na watu wana haki ya kuogopa. Wapo waliotuma fedha kwa muuzaji wa mtandaoni na hawakumwona tena. Kwa hiyo wewe ndiye uanze kuondoa hofu. Mkaribishe banda, au amtume ndugu. Aliye mbali mpigie video ukiwa mbele ya mashine. Wapo Watanzania na Wakenya walioko Muscat au Marekani wanaojenga mabanda nyumbani kupitia kaka au mama zao, hao video kwao ni lazima. Tumia lipa namba inayotoa jina la biashara yako, jina lile lile lililo kwenye wasifu. Kama unachukua malipo ya awali, andika kwenye ujumbe kiasi, siku ya kukabidhi, na nini kitatokea mayai yasipoanguliwa vizuri.

Wa kusafiri kwa basi wafungashe kwenye boksi lenye matundu na vyumba vinne, ishirini na watano kila kimoja, wasafiri usiku au alfajiri. Piga picha boksi likiwa wazi, likifungwa na likipakiwa. Mtumie mteja pamoja na namba ya basi na maelekezo: bruda iwashwe saa kadhaa kabla hawajafika, wakifika waanze na maji, chakula kifuate.

9. Fuatilia. Kwenye WhatsApp Business kuna lebo. Weka "ameuliza", "ameweka oda", "amepokea". Aliyepokea mtumie ujumbe siku ya pili kumuuliza hali, kisha siku ya 6 kumkumbusha chanjo ya kesho. Kikumbusho hicho ndicho kinachomrudisha kununua kundi la pili, na ndicho atakachokisimulia kwenye grupu bila kuombwa.

Ukitaka kutumia brodikasti, omba ruhusa na mwambie ahifadhi namba yako. Asiyeihifadhi ujumbe wa brodikasti haumfikii.

10. Pima kwa daftari. Kila anayekuja muulize, "umenipatia wapi?" Uandike. Baada ya miezi mitatu grupu ambalo halijaleta hata mazungumzo liache, muda wako uhamie kwenye lile linaloleta. Laiki usizihesabu.

Pale mambo yanapokwama

*Najibu sana, hakuna anayenitafuta.* Bofya wasifu wako kwa simu ya mtu mwingine uone wageni wanaona nini. Mara nyingi umefungwa, au haujasema unauza nini. Kama uko sawa, soma majibu yako: yawezekana ni mafupi mno, au uko kwenye grupu la watu wa mbali.

*Wanauliza bei, kisha kimya.* Usijibu namba tupu. Sema bei, chanjo zilizomo, gharama ya boksi na usafiri, halafu uliza uko wapi na unahitaji lini. Akinyamaza, mkumbushe mara moja baada ya siku mbili. Ya pili ni usumbufu.

*Admini amenitoa.* Mwandikie kwa heshima, uliza ni sheria ipi umevunja, omba radhi kama umevunja. Kurudi kwa akaunti nyingine ni kujifungia mlango, admini wa magrupu ya ufugaji wengi wanajuana.

*Muuzaji mwingine anaweka namba yake chini ya jibu langu.* Mwache. Endelea kumjibu aliyeuliza. Akizidi, mjulishe admini kimya kimya.

*Facebook imenizuia kuposti.* Umebandika maandishi au kiungo kile kile mara nyingi. Tulia hadi kizuizi kiishe, ukirudi andika upya kila mara, na kiungo kibaki kwenye wasifu.

*Muda hautoshi.* WhatsApp Business ina majibu ya haraka: unahifadhi jibu refu, unaliita kwa alama ya mkwaju na neno fupi. Mstari wa kwanza uandike wewe, kwa jina la mtu na hali yake.

*Mteja amelalamika hadharani kwamba vifaranga wamekufa.* Usifute, usimtag admini, usianze na "ulikosea wewe". Jibu siku hiyo hiyo, hapo hapo: "Pole sana ndugu. Walifika lini, wamekufa wangapi, na bruda ikoje? Nakupigia sasa." Mkishazungumza na kujua chanzo, rudi kwenye posti ile ile useme mlichokubaliana: umemfidia wangapi, au mmegundua nini kwenye bruda na mnarekebisha vipi. Iandike kwa ruhusa yake, na asiitwe mjinga hata kama kosa lilikuwa lake. Kisha angalia kumbukumbu za mashine za wiki hiyo, na uwapigie wengine wote waliochukua vifaranga wa siku hiyo kabla hawajakupigia wao.